Mhina: Mti na Maana Yake

Katika nchi ya Korogwe na Handeni, Kerenge ikiwamo, Mhina ni jina la watu wengi. Lakini kufanana kwa sauti hakutoshi kuwa ushahidi kwamba jina hilo limetokana na mti. Neno la mti ni la Kiarabu, hinna, lililopewa kiambishi m- cha miti.

Mhina ni mti mfupi wa kichaka, majani yake madogo yameelekeana mawili mawili, na maua yake meupe yanukiayo hukaa vishada, kila ua likiwa na petali 4. Mwaka 1753 Linnaeus aliuita Lawsonia inermis, yaani usio na silaha. Ajabu ni kwamba matawi makuukuu hutoa miiba. Naye, katika kitabu kile kile, aliuandika wenye miiba kama mti wa pili. Leo huhesabiwa kuwa mmoja.

Jani ni la kijani, lakini likitwangwa hutoa wekundu ushikao ngozi. Kwa Waislamu wa pwani, bibi arusi hupakwa wekundu huo mikononi na miguuni. Mjane aliye katika eda hujiepusha nao. Basi maana ya hina imo katika wakati wake kuliko katika rangi. Ngozini hufifia upesi. Kuchani haitoki mpaka kucha ikue na kukatwa.