Ile kopa unayotuma ni kikombe, msee

Wiki jana jamaa yangu alifika hapa stejini Ziwa, tunapochezea karata, akiwa anatabasamu peke yake. Kipusa alikuwa amemtumia kopa jekundu kwenye simu. Moja tu! Kufikia jioni alikuwa ashamwambia babake, na mzee akaanza kuhesabu mitamba ya mahari. Juzi akagundua kwamba kipusa huyo hutumia kila mtu kopa, hata anayemletea maziwa.

Tulimcheka. Halafu nikajiuliza, hii alama ilitoka wapi?

Kwanza, haifanani na moyo. Ingia bucha yoyote uitishe moyo wa ng'ombe. Utapewa pande nene la nyama lenye mishipa juu. Ile mikunjo mizuri ya emoji huioni.

Umbo lenyewe ni la kale. Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, sarafu za Cyrene, mji uliokuwa Libya ya leo, zilikuwa na mchoro wa mbegu ya mmea wa silphium, na mbegu hiyo ni kopa kabisa. Mmea huo ulikuwa kiungo cha chakula, dawa, na hata kinga ya mimba. Ndiyo maana wapo wanaodhani alama ya mapenzi ilizaliwa hapo, ingawa hiyo ni dhana tu.

Jina ndilo lenye kisa chetu. Wareno walifika pwani mwaka 1498, na Fort Jesus ikawatoka 1698. Walituachia maneno ya karata: turufu, uru, shupaza na kopa. Kwa Kireno, "copas" ni vikombe, maana karata zao zilichorwa vikombe. Karata za Kifaransa zenye moyo mwekundu ziliposambaa, picha ilibadilika lakini jina la kikombe likabaki.

Na huko pwani mpenzi huitwa nyonga mkalia ini. Ini, wasee, si moyo!

Kwa hivyo kipusa alituma kikombe kitupu, jamaa akajimiminia chai mwenyewe. Nilimwambia aache kusoma alama, apige simu aulize. Alipiga. Akajibiwa, "Wewe ni kama kaka yangu."

Imemuuma sana. Lakini mitamba ya mzee bado iko zizini.