Kabla ya kuongeza dozi ya insulini, uliza chupa ililala wapi

Na Daktari Wetu

MAMA mmoja muuza mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, amekuwa mgonjwa wangu wa kisukari kwa miaka mingi. Ni mgonjwa ambaye kila daktari angetamani kuwa naye. Hakosi siku ya kliniki, hujidunga insulini asubuhi na jioni, na daftari lake la kuandikia kiwango cha sukari ni safi kuliko la mwanafunzi.

Ndiposa nilishangaa sukari yake ilipoanza kupanda. Kwa muda mrefu ilikuwa kati ya 7 na 9 kabla ya kiamshakinywa. Mwezi huo ikawa 14. Nilimuuliza kama ameanza kula chapati na soda kule sokoni. Akakana. Sikumwamini sana, maana sisi madaktari tumezoea kudhani kwamba sukari ikipanda, kosa liko mdomoni mwa mgonjwa. Nikamwongezea dozi. Mwezi uliofuata ikawa 17. Nikamkaripia kidogo, nikaongeza tena.

Wiki mbili baadaye chupa yake ya insulini iliisha. Alinunua nyingine jioni akitoka kazini, akafika nyumbani na kujidunga dozi ile kubwa niliyomwandikia. Usiku wa manane kijana wake alimsikia akisema maneno yasiyoeleweka. Alimkuta amelowa jasho, anatetemeka na hatambui yuko wapi. Alipompima, sukari ilikuwa imeshuka hadi 2.1. Kwa bahati nzuri kijana huyo alikuwa amefundishwa la kufanya. Kwa kuwa mama yake bado aliweza kumeza, alimpa maji yaliyokorogwa sukari, kisha akamkimbiza hospitalini.

Kesho yake niliomba niletewe ile chupa ya zamani. Niliiinua dirishani, nikaona chembe nyeupe zimeshika kwenye kioo kwa ndani, mfano wa umande ulioganda.

“Mama, dawa hii umekuwa ukiiweka wapi?”

“Kwa friji, daktari. Pale juu kabisa, kwa barafu. Si ni wewe uliniambia insulini inataka baridi?”

Nilikuwa nimemwambia hivyo kweli. Friji yenyewe alikuwa ameinunua miezi mitatu kabla ya hapo kwa pesa za chama. Miaka yote ya nyuma chupa yake ilikaa kando ya mtungi wa maji chini ya meza, na sukari ilikuwa sawa. Alipopata friji, insulini yake iliganda na kufa nguvu. Mimi nami, badala ya kuuliza habari za chupa, nikawa naongeza dozi ya dawa iliyokwisha kuharibika. Ilipokuja chupa nzima, dozi hiyo nusura imuue.

Nimeandika makala haya ili kosa langu lisirudiwe na mwingine.

Kwa nini insulini huharibika

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho ili sukari iliyo katika damu iweze kuingia mwilini na kutumika. Mtu wa kwanza kudungwa insulini kama dawa alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, mjini Toronto nchini Kanada mnamo Januari 1922. Tangu wakati huo imeokoa mamilioni ya watu ambao zamani wangekufa.

Homoni hii ni protini. Msomaji anayetaka kuelewa tabia ya protini na afikirie ute wa yai. Ukilichemsha yai, ute huganda ukawa mweupe, na hata ukilitia kwenye friji siku tatu halitarudi kuwa bichi. Insulini nayo ikipata joto kali hupoteza umbo lake na nguvu zake, na kuipoza baadaye hakuzirudishi. Ikiganda kuwa barafu, nayo huharibika vivyo hivyo. Hata ikiyeyuka na kuonekana maji tena, haifai kutumika.

Mahali pake ndani ya friji

Chupa ambayo haijafunguliwa inafaa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Hapo itadumu hadi tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye pakiti.

Iweke kwenye rafu ya katikati, ndani ya pakiti yake, na pakiti hiyo uitie katika kopo au mkebe wa plastiki wenye kifuniko. Isiguse ukuta wa nyuma wa friji, kwa sababu katika friji nyingi huko ndiko maji huganda. Isikae kabisa katika sehemu ya barafu wala karibu nayo. Kipimajoto kidogo cha friji hakigharimu pesa nyingi, na kitakuonyesha kama friji yako inapoza kupita kiasi. Ukiona maziwa au mboga zimeganda kwenye rafu ile ile, jua insulini yako nayo imeganda. Itupe, hata kama inauma.

Ukienda kununua, hakikisha muuzaji ameitoa ndani ya friji mbele ya macho yako. Iliyopangwa rafuni karibu na dirisha linalopigwa na jua usiichukue. Nunua insulini mwisho, baada ya kumaliza shughuli nyingine za mjini, ili usizunguke nayo mchana kutwa.

Chupa iliyofunguliwa

Wengi hawajui kwamba chupa unayoitumia kila siku si lazima ikae kwenye friji. Aina nyingi za insulini zikishafunguliwa huweza kukaa nje kwa wiki nne, bora joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kulingana na maagizo ya kiwanda, na zisipigwe na jua. Aina nyingine zimeruhusiwa wiki sita. Karatasi iliyo ndani ya pakiti husema wazi, kwa hivyo isome au umwombe muuguzi akusomee. Isitoshe, insulini isiyo baridi sana haiumi kama ile iliyotoka friji sasa hivi.

Siku unayoifungua, andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu. Hesabu yake ni hii. Chupa ya kawaida ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mtu anayetumia yuniti 20 kwa siku atachukua siku 50 kuimaliza. Lakini katika siku 28 atakuwa ametumia yuniti 560 pekee, na zilizobaki zimepitwa na wakati. Najua ilivyo vigumu kutupa karibu nusu ya dawa uliyoinunua kwa jasho lako. Ikiwa dozi yako ni ndogo, muulize daktari kama unaweza kutumia vichupa vidogo vya kalamu. Kila kimoja kina mililita 3, yaani yuniti 300, ambazo kwa mtu huyo zitaisha kwa siku 15.

Asiye na friji

Kuna wagonjwa wanaokataa kuanzishiwa insulini kwa sababu hawana friji nyumbani. Hilo lisiwe kizuizi hata kidogo. Shirika la MSF na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto lililomo ndani ya nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, wakalikuta likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kisha katika maabara waliweka insulini kwenye joto la namna hiyo kwa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa ilibaki na nguvu sawa na ile iliyokaa kwenye baridi.

Hii haimaanishi kwamba friji haina kazi. Akiba yako ya miezi inaihitaji. Bali inamaanisha kwamba chupa moja, ikitunzwa kivulini kwa mwezi mmoja, inaweza kumfaa mtu anayeishi Mathare sawa na anayeishi Lavington.

Mtungi wa udongo ungali rafiki mkubwa. Chukua chungu kikubwa, tia mchanga chini, kisha weka chungu kidogo ndani yake. Jaza mchanga katika nafasi iliyo kati ya vyungu hivyo viwili na uumwagie maji asubuhi na jioni. Insulini itiwe katika mkebe mkavu uliofungwa, mkebe uwekwe ndani ya chungu kidogo, na juu ufunike kwa kitambaa chenye unyevu. Viweke kivulini mahali penye upepo. Maji yanapokauka ndipo chungu hupoa. Kwa sababu hiyo njia hii hufanya kazi vizuri zaidi katika nchi kavu kama Garissa na Lodwar kuliko Mombasa au Lamu, ambako hewa ina unyevu mwingi.

Wakazi wa nyumba za mabati wawe na hadhari zaidi. Nairobi ni mji wa baridi, lakini saa saba mchana chumba cha mabati huwa tanuri. Usiweke chupa juu ya kabati karibu na paa, wala dirishani, wala juu ya televisheni, wala karibu na jiko. Sakafuni, pembeni pasipofika jua, ndipo penye afadhali.

Stima ikipotea

Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, na baadhi ya sehemu zilikaa gizani hadi siku ya pili. Kukitokea jambo kama hilo, usifungue friji ovyo. Mlango ukibaki umefungwa, baridi hukaa ndani kwa muda wa saa nne hivi. Hata ikipita hapo, usikimbilie kutupa dawa. Ihesabu kuwa imeanza kukaa nje ya friji, andika tarehe hiyo, na uanze kuitumia kwa masharti ya chupa iliyofunguliwa. Kosa baya ni kuihamishia kwenye barafu kwa hofu.

Safarini na shuleni

Ukisafiri kwa basi, insulini isiende kwenye buti pamoja na mizigo, wala isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ibebe kwenye mkoba wako. Kwa safari ndefu, suuza chupa ya chai kwa maji baridi, ikaushe, kisha utie insulini ndani na kuifunga. Ukitumia vipande vya barafu, vifunge katika kitambaa kizito ili visigusane na dawa. Ukipanda ndege ibebe mkononi, maana kule chini kwenye mizigo inaweza kuganda.

Mzazi mwenye mtoto katika shule ya bweni azungumze na metroni kabla ya muhula kuanza. Amwonyeshe rafu ya kuwekea dawa, na amweleze sehemu ya barafu ni ya nini na si ya nini.

Dalili za dawa iliyoharibika

Itazame chupa yako kila mara kabla ya kuvuta dawa. Insulini iliyo angavu kama maji ikiwa na ukungu au chembe, au imebadilika rangi, usiitumie. Ile ya rangi ya maziwa ibiringishe polepole kati ya viganja kama mara 10 hadi 20, bila kuitikisa kwa nguvu. Ikibaki na madonge au chembe zilizoshika kwenye kioo, imekwisha.

Tatizo ni kwamba dawa inaweza kupoteza nguvu na bado ikapendeza macho. Hapo shahidi ni mwili wako. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, uchovu na macho kuona giza ni dalili za sukari iliyopanda. Ukianza kutapika, tumbo likauma, ukapumua kwa kasi na kwa nguvu, pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva sana, nenda hospitalini saa hiyo hiyo. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa watoto na vijana ambao mwili wao hautengenezi insulini kabisa.

Ikiwa chupa unayoitilia shaka ndiyo pekee uliyo nayo, usiache kujidunga. Itumie huku ukipima sukari mara nyingi na kutafuta nyingine upesi, maana kukosa insulini kabisa ni hatari zaidi.

Swali la kwanza

Siku hizi mgonjwa akija kwangu na sukari iliyopanda ghafla bila sababu, siulizi kwanza alikula nini. Namwambia anionyeshe chupa, anieleze aliifungua lini na imekuwa ikilala wapi. Mara nyingine tunaanza tu na chupa mpya na dozi ile ile ya zamani, kisha tunapima kila siku.

Nawe msomaji, daktari wako asipokuuliza, mwambie wewe. Na ikiwa dozi yako iliongezwa wakati ulikuwa ukitumia dawa iliyoharibika, usijidunge dozi hiyo kutoka chupa mpya kabla ya kuzungumza naye. Wafundishe pia watu wa nyumbani dalili za sukari iliyoshuka, na uweke sukari mahali ambapo hata mtoto anaweza kuifikia usiku.

Yule mama wa Gikomba angali anauza mitumba. Friji yake anaweka maziwa, nyama na akiba ya insulini katika rafu ya katikati. Chupa anayoitumia ameirudisha kando ya mtungi, chini ya meza.