Maandishi Tayari katika Faili la Mgonjwa: Faida na Hadhari

Mhudumu wa afya huandika sentensi zilezile mara nyingi kwa siku: “Mapafu ni safi pande zote mbili”; “Hana mzio wa dawa yoyote”; “Arudi haraka iwapo homa itaendelea.” Ili kumpunguzia kazi, mifumo mingi ya kompyuta hospitalini humwezesha kuingiza maneno hayo kwa njia tatu. Ya kwanza ni ufupisho: huchapa herufi chache, na aya nzima hujitokeza. Ya pili ni kiolezo, yaani fomu yenye maneno ya kudumu na nafasi za kujaza. Ya tatu ni kunakili maelezo ya jana na kuyabandika katika ukurasa wa leo.

Faida yake ni bayana. Maagizo ya dawa hutoka kamili hata mwandishi akiwa amechoka, na msomaji habahatishi mwandiko.

Hata hivyo, utafiti wa kumbukumbu 23,630 za wagonjwa waliolazwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa katika kumbukumbu ya kawaida asilimia 18 tu ya maandishi ilichapwa upya. Asilimia 46 ilinakiliwa, na asilimia 36 ililetwa kutoka sehemu nyingine za mfumo.

Kunakili peke yake si kosa. Lakini tumfikirie mgonjwa aliyevimba uso usiku baada ya kuchomwa penisilini. Ikiwa asubuhi “Hana mzio wa dawa yoyote” itabandikwa tena, daktari wa zamu inayofuata ataiamini, na anaweza kumwandikia dawa ileile.

Kwa hiyo, mwandaaji wa kiolezo aweke maneno ya kudumu kwenye ushauri usiobadilika tu. Matokeo ya uchunguzi yaachiwe nafasi wazi, yenye alama inayoonekana, kama vile nyota tatu. Anayetia saini asome kila neno kwanza, kwa kuwa saini yake inathibitisha kwamba yaliyoandikwa ameyaona au kuyauliza yeye mwenyewe.

Nawe mgonjwa, usione haya kuomba usomewe kilichoandikwa kuhusu dawa zinazokudhuru. Ukibaini kosa, lisahihishwe kabla hujatoka chumbani, maana likiachwa leo, kesho huenda likanakiliwa.