Mashini imejaa? Mbele ya kufuta, jua kama ni kopi ao ni kioo

Kiangazi kilichopita, mashini ya montaje ya radio yetu ilikataa kazi. Ilikuwa mangaribi, habari zilikuwa karibu kupita, na ku ekra kulikuwa neno moja tu: diski imejaa. Mwenzetu mmoja akaangalia haraka, akakuta dosie moja nzito yenye picha na sauti ambazo alikuwa anaziona pia mu telefone yake. Akasema: «Hizi niko nazo mu telefone, tufute.» Tukafuta, tukamwaga na korbeye, nafasi ikapatikana, habari zikapita kwa saa yake. Wote tulimushukuru.

Kisha wiki karibu sita, muzee mmoja aliyefanya kazi ya reli tangu ujana wake akafariki. Tulikuwa tumemurekodi kwake nyumbani, kwa Kiluba na kwa Kiswahili, karibu saa nzima. Familia ikaomba tupitishe sauti yake siku ya kilio. Tukatafuta ku mashini: hakuna. Tukatafuta ku telefone: hakuna. Mpaka leo sauti ile haijarudi.

Mwenzetu hakusema uongo. Faili alikuwa anaiona kweli ku telefone. Lakini kuiona na kuwa nayo ni mambo mawili. Tunaandika haya juu wengi hapa Kamina, wenye sekretaria, wapiga picha wa ndoa, walimu, wanafunzi, wako na mashini moja ya zamani yenye diski ndogo, na kila mara wanatafuta cha kufuta.

Nini inajaza mashini?

Mara nyingi si kazi ya mashini yenyewe. Ni telefone. Sisi huku, mega ni za bei, kwa hiyo mutu anachukua kabule, anaunga telefone ku mashini na kukopi dosie yote ya picha. Mwezi unaofuata anakopi tena yote. Basi picha ya mwezi wa kwanza iko mara mbili, mwezi wa tatu iko mara tatu. Ukiwa na dosie zinazoitwa «Telefone», «Telefone 2» na «Telefone mpya», jua ugonjwa ni huo. Video za WhatsApp nazo zinaingia humo, hata zile za salamu za asubui ambazo hakuna mutu atakayeangalia tena.

Kwa watu wa sauti, uzito unatoka fasi ingine. Sauti ya WAV ya stereo, kwa kiwango cha CD, inakula karibu mega 10 kila dakika, ni kusema zaidi ya mega 600 kwa saa moja. Sauti ileile ukiigeuza MP3 ya kilobiti 128, saa moja inakuwa chini ya mega 60. Kwa maneno tu, bila muziki, inatosha. Ukiisha montaje, kugeuza sauti kunaweza kukupa nafasi kubwa bila kupoteza neno la mutu.

Kopi na kioo

Hapa njo kuna mafundisho yote. Faili za telefone zinafika ku mashini kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kopi ya kabule ao ya flashi. Hiyo ni kama fotokopi ya diplome. Ukichoma fotokopi, diplome inabaki nyumbani. Ukichoma diplome, fotokopi inabaki. Kila moja inaishi maisha yake.

Njia ya pili inaitwa sinkronizasio. Telefone na mashini zote zinaunganishwa na akaunti moja, kama Google Drive, OneDrive ao iCloud, na faili zinawekwa mu wingu, ni kusema ku mashini za kampuni kule mbali. Hiyo ni kioo. Ukiondoka mbele ya kioo, sura yako inaondoka pamoja nawe. Ukifuta faili mu dosie ya sinkronizasio ku mashini, inafutwa mu wingu, na programu ya telefone iliyokuwa inakuonyesha faili ile haitaionyesha tena.

Mwenzetu alikuwa ameshaondoa sauti mu telefone, juu telefone nayo ilikuwa imejaa, na sauti ilikuwa imeshapanda mu wingu. Ile aliyokuwa anaona ku telefone ilikuwa sura ya wingu. Ile ya ku mashini vilevile. Tulifikiri ziko tatu, kumbe ilikuwa moja tu.

Namna ya kujua uko na nini

Jambo la kwanza, angalia alama kando ya jina la faili ku mashini. Ukiona wingu kidogo ao alama ya kijani ya «sawa», dosie hiyo iko na sinkronizasio. Usiiguse kwanza.

Jambo la pili, jaribu. Andika faili ndogo ya maneno, iite «jaribio», iweke mu dosie ile. Unganisha intaneti, ngoja kidogo, kisha fungua programu ya wingu ku telefone. Ikionekana kule, ni kioo. Isipoonekana, usikimbie kusema ni kopi, juu intaneti yetu unaijua: ngoja tena, ao jaribu usiku wakati mtandao uko mwepesi.

Jambo la tatu ni la muhimu kupita yote. Weka telefone mu hali ya ndege, mega zote zizime. Usifungue programu ya wingu. Ingia mu programu ya faili ya telefone yenyewe, tafuta ile sauti ao ile picha. Sauti isikilize mpaka mwisho, picha ikuze mpaka uone macho ya mutu. Ikifunguka vizuri bila intaneti, iko mu telefone kweli. Isipofunguka, hauna kitu mu mukono.

Sasa tufute namna gani?

Kama ni kopi za kabule zinazorudia-rudia, kazi ni nyepesi. Chagua moja, ile mpya yenye kuwa na vyote. Ilinganishe na zile za zamani, juu kunaweza kuwa picha uliyofuta ku telefone ambayo imebaki mu kopi ya zamani peke yake. Hiyo ihamishe kwanza. Kisha futa zingine, na umwage korbeye ya mashini. Usipoimwaga, nafasi hairudi.

Kama ni kioo, usitumie «Supprimer». Ku OneDrive, bonyeza faili kwa kidole cha kuume cha suri, uchague «Libérer de l'espace». Jina litabaki ku mashini, uzito utaondoka, faili itabaki mu wingu. Google Drive ya ku mashini nayo iko na namna mbili: moja inaweka faili zote ku diski, ingine inaziacha mu wingu na kuzileta tu wakati unazifungua. Ukichagua hii ya pili, diski inapumua.

Lakini tufikiri kama watu wa Kamina. Faili iliyo mu wingu, siku unaitaka utaiteremusha tena kwa mega zako. Sauti ya WAV ya saa moja itakuomba zaidi ya mega 600. Na siku mtandao umekatika, hauipate hata uko na franga. Zaidi ya hiyo, wingu la bure si kubwa: Google inatoa giga 15 kwa Gmail, Drive na picha zote pamoja, tangu tarehe 1 Juni 2021 ilipomaliza kuweka picha bila mupaka. OneDrive na iCloud zinatoa giga 5. Picha za mega 4 kila moja, giga 15 zinajaa ku picha karibu 3,750. Mupiga picha wa ndoa anazimaliza kwa muda mufupi.

Kwa hiyo, faili nzito na za thamani zinapaswa diski ya inje. Kopi kwanza, fungua faili chache ku diski ile uhakikishe, njo ufute ku mashini. Kamwe usitumie «couper» kuhamisha dosie kubwa wakati umeme unaenda na kurudi; ukikatika katikati, unaweza kubaki na nusu huku na nusu kule.

Kama umeshafuta

Usilie kwanza, kimbia ku korbeye ya wingu, si ya mashini tu. Google Drive na OneDrive ya mutu binafsi zinachunga faili siku 30. Google Photos inachunga picha zilizokuwa mu wingu siku 60. Kisha siku hizo zinafutwa zenyewe. Sisi tulikuja kutafuta kisha siku zaidi ya 40. Siku 30 zingetutosha kama tungejua kuuliza.

Watu wa kuchunga arshive wako na sheria nyepesi: kila kitu cha thamani kiwe mara tatu, ku vyombo vya namna mbili, na kimoja kikae fasi ingine. Kwetu inaweza kuwa mashini, diski ya inje, na diski ao flashi ingine kwa ndugu upande wa pili wa muji. Wizi ao mvua ikiingia nyumba moja, ingine inabaki.

Leo ku radio yetu, hakuna anayefuta dosie peke yake. Watu wawili wanakaa mbele ya mashini, mumoja anauliza: «Ni kopi ao ni kioo?» Wa pili akikosa jibu, hakuna kufuta, hata kama habari zinachelewa dakika tano. Wazee wetu wanaojua mambo ya reli na ya vijiji vyetu wanapungua kila mwaka. Nafasi ya diski inanunuliwa sokoni, sauti yao hapana.