INJINI IKIZIMIKA ANGANI

Leo tutajibu swali ambalo wengi hujiuliza waionapo ndege ndogo ikipita juu: Je, ikiwa ina injini moja tu, nayo izimike, itaanguka kama jiwe?

Hapana. Kazi ya injini ni kuipeleka ndege mbele. Kinachoibeba ni mabawa, nayo hubeba maadamu hewa inayapita kwa kasi. Mfikirie mtu aliyekatikiwa na mnyororo wa baskeli akiwa kwenye mteremko. Baskeli yake haisimami, bali huenda kwa uzito wake. Rubani naye sharti ajipatie mteremko. Huinamisha pua ya ndege kidogo, nayo huteleza hewani kama mwewe asiyepiga mabawa. Ndege ndogo kama Cessna 172, ikiwa futi 5,000 juu ya ardhi na upepo umetulia, yaweza kuteleza kadiri ya maili 8. Basi kimo ndiyo akiba ya rubani.

Adui yake ni woga. Mtu aionapo ardhi inakuja, mkono wataka kuivuta pua juu. Akiivuta, mwendo hupungua, mabawa huacha kubeba, na hapo ndipo ndege huanguka kweli. Afadhali kutua mahali pabaya ndege ikiwa bado inamtii, kuliko kuanguka ikiwa imekwisha kumshinda.

Tutazame kisa kimoja. Bibi Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akakulia Njoro, Kenya, na huko Kenya akajifunza urubani. Tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, akiwa peke yake, kwenda New York. Ndege yake ilikuwa Percival Vega Gull, yenye injini moja. Alikaa angani zaidi ya saa 20. Alipokwisha kuivuka bahari ya Atlantiki, injini ikazimika. Akateleza mpaka Baleine, Nova Scotia, nchini Kanada, akatua penye kinamasi na mawe. Magurudumu yalizama, pua ikajikita matopeni. Ndege iliharibika, lakini mwenyewe alitoka na jeraha la kichwa tu. Akawa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi.

Injini ilizimikaje? Ilielezwa kwamba barafu iliziba tundu la hewa la tangi, petroli isiweze kufika kwenye injini. Mwaweza kulihakikisha jambo hili nyumbani. Chukueni kopo la mafuta ya kupikia lililofungwa, mlitoboe tundu moja dogo, mliinamishe. Mafuta yatatoka kidogo, kisha yatakwama. Toboeni tundu la pili upande wa juu: yatatiririka mara moja. Hewa isipoingia, mafuta hayatoki. Ndiyo maana fundi hulichungulia tundu hilo dogo kabla ya safari, wala halidharau.

Sasa, kila kundi lijadili maswali haya:

1. Kwa nini rubani huinamisha pua ya ndege injini ikizimika?
2. Ndege yenye kimo kikubwa ina faida gani kuliko iliyo chini?
3. Ni vyombo gani vya nyumbani au vya kazini mwenu vyenye tundu la hewa, nalo likizibwa hutokea nini?