Kusoma na Kuwajibika: Dhamana ya Shule na Dhamana ya Nyumba



Kila muhula unapokwisha, mtoto wa shule ya msingi hurudi nyumbani na karatasi ya ripoti, na aghalabu mzazi humwuliza swali moja tu: "Umekuwa wa ngapi?" Swali hilo lilikuwa na jawabu katika mfumo wa 8-4-4. Katika Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchini kote Januari 2019 kwa watoto wa chekechea na wa gredi ya kwanza hadi ya tatu, swali hilo halina jawabu. Ripoti ya sasa haimpangi mtoto mbele wala nyuma ya mwenziwe. Humweka katika mojawapo ya daraja nne: amezidisha matarajio, amefikia matarajio, anakaribia matarajio, au yu mbali na matarajio. Basi swali linalofaa ni jingine: matarajio hayo ni yapi, na ni nani wajibu wake kumfikisha mtoto huko?

Katika makala haya tutayatazama matarajio mawili: kusoma, na kuwajibika kwa jamii. Wengi wetu huyatenganisha. La kwanza huachiwa mwalimu wa lugha shuleni, na la pili huachiwa maalim wa chuoni. Ukweli ni kwamba hayatengani. Mtoto asiyeelewa alichokisoma hawezi kukitendea kazi, na mtoto asiyejali watu, kusoma kwake kutamfaa nani?

Lengo la kusoma

Mwaka 2015 mpango uitwao Tusome ulianza katika shule za msingi za umma. Watoto wa madarasa ya chini walipewa vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza, kila mmoja na chake, badala ya watoto kadhaa kukigombania kimoja. Walimu nao walipewa miongozo ya kufundishia. Pamoja na hayo kikawekwa kipimo. Mtoto hupewa kifungu kifupi akisome kwa sauti kwa muda wa dakika moja, kisha huhesabiwa maneno aliyoyasoma sawasawa. Afikishaye maneno 45 ya Kiswahili, au 65 ya Kiingereza, huhesabiwa kuwa asoma kwa ufasaha. Mzazi asidhani kwamba Kiswahili kimepunguziwa kipimo kwa kudharauliwa. Maneno yetu ni marefu na yamebeba mengi: neno moja, "hawatatusomea", lina maana ambayo Mwingereza huhitaji maneno sita kuitamka.

Hata hivyo, kasi peke yake haitoshi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na silabi zake hazimdanganyi mtoto. Akishazijua ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake, aweza kusoma hata habari asiyoifahamu. Jambo hili sisi watu wa pwani tunalijua vyema, kwa kuwa watoto wetu husoma hati mbili: asubuhi shuleni kutoka kushoto kwenda kulia, na jioni chuoni kutoka kulia kwenda kushoto. Chuoni mtoto huanza na alifu na be, akafunzwa irabu, kisha akaendelea juzuu kwa juzuu, ilhali lugha yenyewe bado hajaijua. Kusoma huko kuna utaratibu wake na fadhila zake, na humzoeza ulimi na sikio adabu ya herufi. Kasoro huingia pale mtoto anapodhani kwamba kila kusoma ni kutamka tu, akaifungua hadithi ya Kiswahili, lugha aliyoinyonya kwa mamake, akaimaliza bila kujua ni nani aliyefanya nini.

Kwa hiyo mtoto akishasoma, aulizwe. Ni nani anayesimuliwa hapa? Jambo hili limetokea wapi? Kwa nini alifanya hivyo? Kisha aulizwe swali la nne, ambalo vitabu vingi huliacha: lau ungekuwa wewe, ungefanyaje? Maswali matatu ya kwanza hupima ufahamu. La nne ndilo linaloufungulia uwajibikaji mlango.

Lengo la kuwajibika

Mtaala umetaja maadili manane ambayo mtoto anatakiwa akue nayo: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Uraia nao umewekwa miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na huduma kwa jamii imefanywa kuwa sehemu ya mafunzo. Majina haya ni mazito, lakini kwa mtoto wa miaka saba au minane vitendo vyake ni vyepesi kuvitambua. Ni kurudisha kitabu alichoazima kikiwa kizima. Ni kungoja zamu kwenye mfereji wa maji. Ni kusema "mimi ndiye niliyevunja" kabla mwingine hajaadhibiwa. Ni kumsikiliza mwenziwe anayesoma kwa kukwamakwama bila ya kumcheka, kwani mtoto aliyechekwa mara mbili au tatu huacha kunyanyua mkono, na asiyenyanyua mkono huachwa nyuma. Hapo pana malengo yote mawili: uungwana wa mtoto mmoja ndio unaomfanya mwingine athubutu kusoma.

Vitendo hivi havifundishwi kwa kuhubiri. Mtoto hujifunza uadilifu kwa kumtazama aliye mbele yake, na hapa ndipo pana jambo ambalo hatuna budi kulisema waziwazi.

Kazi ya mtoto ifanywe na mtoto

Shule za Mtaala wa Umilisi huwapa watoto kazi za mradi: mtoto atengeneze sanamu ya kutishia ndege, afinyange chungu, akusanye picha za mimea. Kazi hizi zimewalemea wazazi wengi, hasa mama aliyeshinda akihangaikia riziki, anayeambiwa saa mbili za usiku kwamba kesho yatakiwa picha za rangi kutoka saiba. Malalamiko hayo yana haki, na mahali pake ni kikao cha wazazi na walimu, ambapo mzazi aweza kuomba kwa upole kazi itumie vitu vilivyopo nyumbani na itangazwe siku kadhaa mapema.

Lakini lipo jambo jengine lisilo na udhuru. Mzazi huichukua kazi, akaitengeneza mwenyewe mpaka usiku mkubwa au akamlipa fundi, na asubuhi mtoto akaipeleka kwa jina lake. Mwalimu huandika kwamba amezidisha matarajio. Ni nani aliyezidisha? Mtoto amejifunza siku hiyo kwamba aweza kuandika jina lake juu ya jasho la mwingine, na aliyemfunza ni mtu anayempenda kuliko wote. Chungu kilichopinda alichokifinyanga kwa mikono yake ni bora kuliko kilichonyooka kilichonunuliwa. Na akipata "anakaribia matarajio" kwa kazi yake mwenyewe, amepata ukweli, na penye ukweli mwalimu hujua pa kumsaidia.

Wa kike na wa kiume

Yatazameni pia majira ya jioni katika nyumba zetu. Mara nyingi mtoto wa kike huosha vyombo, akamlea mdogo wake na kufagia ua, huku ndugu yake wa kiume ameketi na kitabu au yuko barazani. Hivyo tumeyagawa malengo mawili ya shule: kuwajibika tumempa binti, kusoma tumempa kijana, au kijana hakupewa lolote. Wote wawili wamedhulumiwa. Binti amepunguziwa elimu, na kijana amenyimwa mafunzo ya kuwa mtu wa kutegemewa, kisha akishakuwa mkubwa tunashangaa kwamba haoni mzigo wa nyumba. Vyombo vioshwe kwa zamu na kitabu kisomwe kwa zamu. Jambo hili halina gharama, na ni amri ya mama na baba kwa siku moja tu.

Baina ya Maghribi na Isha

Siku ya mtoto wa pwani ni fupi. Ametoka shule, ameoga, amekwenda chuoni, na anaporudi jua limekuchwa. Muda uliobaki ni ule wa baina ya Maghribi na Isha. Tukiutoa humo robo saa tu, runinga na simu zikawekwa kando, mtoto akasoma kwa sauti kurasa mbili za kitabu chake na akaulizwa maswali yale manne, muhula hautakwisha bila ya mabadiliko kuonekana. Anayetaka kupima aitumie saa ya simu: dakika moja, ahesabu maneno yaliyosomwa sawasawa, na apime tena baada ya mwezi. Ahesabu kwa utulivu, asikifanye kipimo kuwa kitisho.

Wapo akina mama watakaosema, "Mimi sikusoma shule, nitamsaidiaje?" Mama huyo ana sikio, na ana lugha. Atajua mtoto anapokwama, atajua hadithi inapokosa maana, na maswali manne hayahitaji cheti. Zaidi ya hayo, mtoto anayemsomea mama asiyejua hati ya Kizungu anatoa huduma ya kweli. Atamsomea barua ya shule, tangazo la mkutano wa mtaa, namba za tokeni za umeme. Atamsomea nyanya karatasi ya dawa, na hapo atatambua kwamba 1×3 si hesabu ya daftarini: akikosea, anayedhurika ni nyanya yake. Mtu mzima naye asiache kuhakikisha kwa muuguzi, maana dawa haiachiwi mtoto peke yake. Lakini mtoto aliyewahi kubeba uzito huo mdogo ataisoma karatasi inayofuata kwa makini zaidi.

Pamoja na huduma huja amana. Mtoto anayejua kusoma hufikiwa na siri za watu: ujumbe wa pesa katika simu ya mama, barua ya jirani aliyeomba asomewe. Afundishwe kwamba ya watu hayatolewi nje. Afundishwe vilevile kwamba si kila kilichoandikwa ni kweli. Habari ya kutisha iliyoingia katika kundi la simu isisambazwe kabla ya kuuliza imetoka kwa nani. Kusita huko nako ni kusoma, na ni kuwajibika kwa watu ambao habari hiyo ingewaumiza.

Mama wa pwani si mgeni katika kazi hii

Mnamo mwaka 1858, kabla ya serikali kujenga shule yoyote katika pwani hii, Mwana Kupona binti Msham wa visiwa vya Lamu alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa nasaha, ukaandikwa kwa hati za Kiarabu. Vizazi vya wanawake viliunakili na kuuhifadhi kwa moyo. Mama yule alijua kwamba maandishi na mwenendo mwema ni fungu moja, akampa mwanawe vyote viwili kwa pamoja. Sisi leo tuna vitabu na walimu ambao yeye hakuwa nao.

Basi muhula huu ripoti itakapoletwa, na mwende shuleni na maswali mawili. La kwanza: mwanangu anaelewa anachokisoma, au anakitamka tu? La pili: anaishije na wenziwe darasani? Mwalimu atakayeulizwa hivyo atajua kwamba anaye mshirika nyumbani. Na mtoto akiulizwa mambo hayo hayo mawili na mwalimu wake, maalim wake na mama yake, hatachelewa kufahamu kwamba watu wazima wote wanataka kwake kitu kimoja.

Mola awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, kwao na kwa watu. Amin.