Kichogo hakifi kwa kuchomoa waya

Vijana wanaofungua karakana za umeme Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, huku Karagwe na Kyerwa, wamekulia kwenye simu na televisheni bapa. Ndani ya vyombo hivyo fundi akikosea, mara nyingi kinachoungua ni chombo. Televisheni ya kichogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, ni habari nyingine. Inaweza kumpiga mtu baada ya kuchomolewa ukutani, na hilo halijaandikwa popote pale mtumiaji anapotazama.

Kichogo kilisambaa Tanzania Bara baada ya kituo cha televisheni cha ITV kuanza matangazo mwaka 1994, kikiongozana na deki ya video, jenereta na kibanda cha mabati cha kuonyeshea video. Humo ndimo wengi walimomsikia msimulizi Lufufu akisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam, Desemba 31, 2012, vichogo havikufa vyote. Vilivyobaki vilifungwa king'amuzi kwa nyaya za njano, nyekundu na nyeupe, vikaendelea na kazi.

Nyuma ya kioo cha kichogo kuna chupa nene isiyo na hewa ndani. Flaibaki, ile transfoma nyeusi yenye waya mnene mwekundu, huisukumia chupa hiyo umeme unaokaribia volti 25,000 kwenye televisheni ya rangi. Kioo chenyewe huutunza umeme huo kama kapasita, saa kadhaa na wakati mwingine siku kadhaa. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani nayo hubaki na zaidi ya volti 300, na hiyo ndiyo naiogopa zaidi, kwa sababu mkondo wake ni mzito na hauna huruma na moyo.

Fundi makini huchomoa waya, husubiri, kisha huchukua bisibisi ndefu yenye mpini mzima wa plastiki. Chuma chake hukifunga kwa waya kwenye msuko wa shaba ulioizunguka chupa kwa nje. Msuko huo, wala si sehemu yoyote ya saketi iliyo karibu. Ndipo anapoipenyeza ncha chini ya kikofia cha mpira, pale waya mwekundu unapoingia kwenye chupa. Husikika mlio mkavu. Baada ya dakika chache hurudia, maana chaji nyingine hujirudisha yenyewe. Kapasita kubwa huimaliza chaji kwa balbu ya nyuzi, kisha huthibitisha kwa mita. Mkono mmoja hukaa mfukoni muda wote, na miguu hukanyaga ubao mkavu. Sakafu ya udongo wakati wa masika ni njia ya umeme kuelekea ardhini.

Kuna marekebisho yanayohitaji chombo kiwe kimewashwa. Flaibaki ina vifundo viwili, kimoja cha kunoesha picha, kingine cha mwanga wa msingi. Kifundo cha pili kikizidishwa, mistari myeupe ya mshazari hukatiza kioo. Hapo bisibisi iwe ya plastiki tupu, na mbele ya kioo pawekwe kioo cha kujitazamia, ili fundi aione picha akiwa nyuma bila kuinama juu ya nyaya. Madoa ya kijani na zambarau pembeni hayahitaji kufungua chochote. Mara nyingi ni sumaku ya spika kubwa iliyobanwa ubavuni. Isogezwe, televisheni ipumzike hadi ipoe, kisha iwashwe upya ijifute yenyewe.

Ndugu mkubwa wa kichogo ni projekta ya mirija mitatu, mwekundu, wa kijani na wa bluu, iliyotengenezwa na kampuni kama Barco ya Ubelgiji na Sony ya Japani kwa kumbi za mikutano na mitambo ya kufundishia marubani. Umeme wake huvuka volti 30,000, na uzito wake ni wa kubebwa na watu wawili au zaidi. Sitapenda kuiona ikining'inia kwenye kenchi za mikaratusi juu ya watazamaji. Huachwa ipate moto kama nusu saa kabla ya kuguswa. Mchoro wa miraba hunyooshwa kwanza kwa kijani, kisha nyekundu hulazwa juu yake, mwisho bluu. Mwanga huanzia chini, kwa sababu picha iliyosimama kwa mwanga mkali huuchoma mrija na kuacha kovu la kudumu.

Karagwe si mgeni wa elimu ya umeme. Katika miaka ya 1990 kituo cha KARADEA, chama cha maendeleo cha Karagwe, kilifundisha mafundi wa sola hapa, wakati gridi ilikuwa mbali na vijiji vingi. Asubuhi moja ingetosha kwa somo la kichogo katika chuo cha ufundi stadi, fundi mzee akiwa mbele na chombo kibovu mezani.

Somo hilo lianze na wanunuzi wa vyuma chakavu. Wao huivunja chupa kwa nyundo wakitafuta shaba iliyo shingoni, nayo hulipuka kuelekea ndani na kurusha vipande. Shaba hiyo hutoka kwa kulegeza skrubu, chupa ikiwa imeshamalizwa chaji. Kioo chenyewe kina risasi, kwa hiyo kisitupwe shambani kwenye migomba wala karibu na kisima.